Aliyenifundisha Shanta Hakuisikia Filimbi

Siku ya kuniaga mlinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri. Siku hiyo hiyo mmoja wenu, yule fundi wa umeme mwenye maswali mengi, alinifuata hadi getini akaniomba niandike yale niliyokuwa nikiwaambia wakati wa chai ya saa nne, yasije yakapotea. Nimekwepa miezi miwili. Sasa mvua imenifungia ndani, ng'ombe amekamuliwa, na nimeishiwa na visingizio.

Habari za vyeo sitaandika. Vyangu vilikuja kama treni ya mizigo, kwa kuchelewa na bila maelezo. Mshahara nao mnaujua. Nitaandika juu ya ile injini ya shanta, juu ya mzee aliyenifundisha kuiendesha, na juu ya jambo nililomtendea. Jambo hilo wengi wenu mmelisikia nusu nusu, na kila mtu ameongeza chumvi yake.

Mimi ni mtoto wa laini za chai, zile nyumba za vibarua wa shamba. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja kufanya kazi kwenye shamba moja kubwa karibu na Mogogosiek. Mama alichuma chai, baadaye akahamishiwa kiwandani. Baba alilisha kuni boila. Huko juu hakukuwa na reli. Treni tuliijua kwa jina tu, kwa sababu mbolea ya wakulima ilipanda mlima kwa lori, na watu walisema imetoka "stesheni". Nilipomaliza kozi ya umeme niliandika barua saba za kuomba kazi, na waliojibu ni watu wa reli peke yao. Nikateremka na sanduku langu hadi kwenye yadi hii ya bondeni, ambako ukungu unatoka kwenye majani ya chai asubuhi na kuja kukaa juu ya reli mpaka ujisikie wenyewe kuondoka.

Siku ya kwanza msimamizi wa yadi alinipa ovaroli ya kutosha watu wawili na beleshi. Nikamwonyesha cheti cha umeme. Akakisoma chote kwa heshima, akanirudishia, akanielekeza kwenye kibanda cha mchanga. Nilikaa huko miezi minane, na sasa naweza kusema hakuna shule niliyosoma iliyonifaa kuliko hiyo.

Ni hivi. Injini ya treni haina meno ya kung'ata reli. Ni chuma laini juu ya chuma laini, na kwetu chuma hicho kina maji karibu kila siku. Reli ikilowa gurudumu linazunguka mahali pamoja, na wakati wa kusimama linateleza. Dawa yake ni mchanga mkavu, unaoshuka kwa bomba hadi mbele ya gurudumu. Ukiwa na unyevu hata kidogo unaganda ndani ya bomba, na dereva anabonyeza kitufe bure. Mchanga mzuri ulikuja kutoka upande wa Chebunyo, kwenye ile mito inayokauka. Wa hapa karibu ulikuwa nusu udongo. Tuliukausha juu ya mabati, moto chini, tukiugeuza kwa beleshi. Mama alikuwa amenifundisha zamani kupima unyevu wa majani ya chai kwa kuyafinya mkononi, nami nikaupima mchanga vivyo hivyo: chukua konzi, finya, fungua vidole. Ukibaki na umbo la ngumi, urudishe motoni.

Mchanga huo ndio ulioniletea Mzee Koech. Alikuwa dereva wa shanta, mtu mrefu wa Kimulot, mzee wa kanisa, aliyevaa kofia ya sufu chini ya helmeti hata jua likiwaka. Siku moja aliingia kibandani, akachota konzi, akaifinya, akafungua vidole, mchanga ukamwagika wote kama unga. Akauliza ni nani aliyekausha. Wiki iliyofuata alimwambia msimamizi anataka yule msichana wa mchanga awe msaidizi wake. Msimamizi alicheka. Mzee hakucheka, na jambo likawa limekwisha.

Najua wengi wenu mlikuja kazini mkitamani zile injini kubwa za safari, na shanta mkaiona kama punda wa nyumbani. Kazi yake ni kupanga mabehewa yadini. Inasukuma, inavuta, inaacha hili hapa, inachukua lile kule, na jioni bado iko stesheni ile ile. Lakini iangalieni vizuri. Chini ya boneti kuna injini ya dizeli ya silinda sita, na dizeli hiyo haigusi gurudumu hata moja. Inazungusha jenereta. Jenereta inatoa umeme, umeme unapita kwenye nyaya nene hadi kwa mota zilizoshikana na ekseli, na mota ndizo zinazozungusha magurudumu. Mtu atauliza, mzunguko wote huo wa nini? Ni kwa sababu mota ya umeme ina nguvu nyingi zaidi wakati inaanza tu kuzunguka. Lori likitaka kuanza na mzigo mzito utaichezea klachi mpaka itoe harufu ya kuungua. Shanta unaiegemeza kwenye mstari wa mabehewa yaliyojaa mbolea, unaipa umeme kidogo, nayo inaanza kutambaa bila kuruka. Walioijenga waliifanya fupi na nzito, wakaiweka boneti chini ya usawa wa kibanda cha dereva, ili aone pande zote bila kuchungulia kama mwizi.

Dereva ana mkono wa mafuta wenye notchi, yaani hatua, nane, kishikio cha kuchagua mbele au nyuma, breki ya injini peke yake na breki ya treni nzima. Ana pia saa kadhaa za kusoma, na mojawapo inaonyesha umeme unaokwenda kwa mota. Hiyo tuliiita sindano. Kama mtasahau yote niliyoandika, sindano msiisahau.

Somo la kwanza la Mzee Koech lilichukua wiki tatu, na katika wiki hizo hakuniruhusu kugusa chochote. Aliniambia niweke kiganja juu ya meza ya dereva, nikiache hapo, ninyamaze. Nilihisi mtetemo tu, basi. Baadaye nikaanza kutofautisha: notchi ya pili ina mtetemo wake, ya tatu wake, na silinda moja ikichoka kuna kitu kinachoruka kama moyo wa mtu aliyepanda mlima. Aliniambia pia nitafute viatu vya soli nyembamba. Nikasema sheria inataka buti. Akasema buti nivae, lakini nimtafute fundi viatu azipunguze.

"Hii injini inaongea na mkono na mguu," aliniambia. "Masikio ni ya kusikia kelele tu."

Halafu akanifundisha sindano. Ukisukuma mabehewa kwenda kuunga mengine, sindano inaruka kidogo mara yanapogusana, kabla mlio wa chuma haujakufikia kutoka mwisho wa mstari. Ukiiona imeruka, punguza hapo hapo. Ukingoja kusikia, umeshachelewa. Aliunga mabehewa kwa upole mpaka wapakiaji waliokuwa ndani wakinywa chai hawakumwaga kikombe. Watu wa stesheni nyingine walikuja kumtazama. Mimi nilikuwa nikijivuna kama vile mikono ilikuwa yangu.

Mtu wa tatu kwenye kazi yetu alikuwa Cheruiyot, kijana wa Chebunyo aliyekuwa chini, kati ya mabehewa, akigeuza pointi za kubadilisha njia ya treni na kuunga. Alikuwa na mke, mtoto mmoja, na wa pili alizaliwa mwaka ule nilipopanda shanta. Aliimba nyimbo za kwaya kutwa nzima na aliniita Sista. Siku ya jua alituonyesha kwa mikono nini cha kufanya. Siku ya ukungu mikono haionekani, kwa hiyo alitumia filimbi: moja njoo, mbili rudi, moja ndefu simama. Sheria ilisema msaidizi akiisikia filimbi airudie kwa sauti ili dereva asikosee. Mzee alikataa kelele kibandani. Alisema nimguse begani: mara moja, mara mbili, au nimkamate. Nami nikimtajia namba ya sindano nimwonyeshe kwa vidole. Nilidhani ni mbwembwe za wazee.

Nilikuwa nimekaa naye zaidi ya mwaka nilipojua. Ilikuwa saa ya chakula, injini imezimwa, kuna jua na kimya. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mataruma akitazama milima, mimi nikaja kwa nyuma na chai yake. Nikamwita. Nikasogea, nikamwita tena kwa jina. Nikasimama nyuma yake kabisa, nikasema, "Mzee Koech, chai inapoa." Hakujua niko pale mpaka kivuli changu kilipopita juu ya sahani yake. Akageuka, akanitazama mdomoni. Wakati wote huo alikuwa akinitazama mdomo ninapoongea, mimi nikidhani ni heshima ya mtu anayesikiliza vizuri.

Alikuwa amekaa juu ya dizeli maisha yake yote bila kitu masikioni, na masikio yalikuwa yamekwenda kidogo kidogo. Kila mwaka daktari alikuja kutupima. Maswali yake hayakubadilika, na aliyauliza ana kwa ana. Kwa Mzee Koech huo haukuwa mtihani.

Alipokea chai yake, akainywa. Alikuwa amebakiza miaka minne astaafu. Na hapo ndipo nilipokosea, nataka mlisome neno hilo vizuri, nilikosea. Niliamua kuwa masikio yake. Niliona ndiyo njia ya kumshukuru mtu aliyenitoa kwenye mchanga. Nilimkaa begani kama kupe. Sikwenda msalani bila kumwonyesha kwamba natoka, naye hakusogeza injini mpaka nirudi. Tulifanya hivyo miezi mitano bila kuliongea hata mara moja, na kazi ikaenda vizuri sana, na uzuri huo ndio ulionidanganya.

Kisha ikaja mvua ndefu. Asubuhi moja tulikuwa na mabehewa ya mbolea ya kwenda kwa wakulima wa Kimulot na Mogogosiek, malori yamepanga foleni yakingoja, ukungu umeshuka mpaka huoni behewa la pili. Tulikuwa tunasukuma. Cheruiyot alikuwa mbali, mwisho wa mstari. Magurudumu ya kushoto yakaanza kuteleza kwa sababu bomba la mchanga lilikuwa limeziba. Mzee akanionyesha nyundo, akanielekeza nje. Nikatoka kwenye ujia wa pembeni mwa boneti kwenda kuligonga lile bomba. Tulikuwa tumezoea kusimama kwanza. Siku hiyo malori yalikuwa yanangoja, hatukusimama.

Niko nje nikasikia filimbi ndefu. Nikangoja injini ipunguze. Haikupunguza. Ikaja ndefu nyingine, kisha sauti ya mtu.

Nilikimbia juu ya chuma kilicholowa, sijui kwa nini sikuanguka. Ndani ya kibanda Mzee alikuwa ametulia kabisa, kiganja mezani, macho kwenye sindano, akiendesha vizuri kama kila siku. Nilimpita nikavuta breki mwenyewe. Alinigeukia kwa hasira. Halafu akaniona uso, hasira ikamtoka.

Cheruiyot alikuwa ameona kwamba taya la kuungia la behewa letu halikufunguka. Akapiga filimbi ya kusimama, akaingia kati kulifungua. Aliingia bila kungoja kuhakikisha kwa sababu Mzee Koech hakuwahi kukosa kusimama. Mabehewa yakamfuata. Aliruka kando, lakini mataya yakafunga juu ya upindo wa koti lake la mvua, akajichomoa kwenye mikono ya koti kama anayevua shati. Tulimkuta ameketi kwenye kokoto na shati lake limelowa, anacheka, na hakuweza kuacha kucheka. Koti lilikuwa bado limening'inia pale. Mzee Koech mwenyewe alilitoa, akalikunja vizuri, akampa mikononi.

"Sista, hukusikia filimbi?" Cheruiyot aliniuliza.

Nikamwambia nilikuwa nje kwenye bomba. Akauliza, na Mzee je? Nikasema ni kelele ya injini. Nilidanganya, na nilidanganya haraka, bila hata kufikiri.

Jioni hiyo nilimfuata Mzee Koech kwenye mfereji alipokuwa akinawa grisi. Nilisimama mbele yake, kwenye mwanga, ili anione mdomo.

"Mzee, lazima msimamizi ajue," nilisema. "Ukimwambia mwenyewe itakuwa vizuri. Usipomwambia, nitasema mimi."

Alinitazama mpaka neno "ajue", kisha akafunga macho. Maji yaliendelea kumwagika mikononi mwake, na macho akayafumba kabisa, kama mtu aliye kwenye maombi. Hivyo ndivyo alivyoweza kukataa kunisikia. Nilimaliza maneno yangu hata hivyo, nikamwambia nampa siku tatu, nikijua kwamba ninaongea na uso uliofungwa. Nililia njia nzima kurudi chumbani.

Siku tatu zilipita. Ukungu ulipungua, kazi ikaenda, mimi begani pake, yeye kwenye sindano, na ofisini hakwenda. Siku ya nne asubuhi mke wa Cheruiyot alikuja getini na mtoto mgongoni, amemletea mumewe lile koti. Alikuwa amelishona upindo kwa uzi wa rangi nyingine. Cheruiyot akalivaa, akamwambia mkewe jambo wakacheka, akaenda zake kwenye pointi huku akiimba. Nikaenda moja kwa moja ofisini.

Msimamizi hakunisadiki. Akasema dereva bora wa yadi zote hawezi kuwa kiziwi. Tukatoka pamoja. Mzee Koech alikuwa amesimama kando ya injini akipangusa kioo, mgongo kwetu. Msimamizi akamwita kwa sauti ya kawaida. Akamwita kwa kelele. Kisha akamnyang'anya Cheruiyot filimbi, akaipuliza kwa nguvu zake zote, hatua tano nyuma ya kofia ile ya sufu. Yadi nzima iligeuka: wapakiaji, madereva wa malori, mama wa mandazi pale getini. Mtu mmoja tu aliendelea kupangusa kioo. Alipogeuka, aligeuka kwa sababu aliona kwenye kioo kwamba watu wote wamesimama.

Hawakumfukuza. Walimteremsha kwenye injini wakampa kibanda cha mchanga. Mimi, baada ya mitihani, nilipewa kiti chake, na mnaweza kukisia wenyewe yadi ilisema nini. Walisema mtu wa ziwa amemchoma mzee wa watu ili akalie kiti chake. Kanisani akina mama waliacha nafasi kwenye benchi upande wangu, nafasi ya kutosha mtu mnene. Hata Cheruiyot aliacha kuniita Sista.

"Ungemwacha tu amalize miaka yake," aliniambia siku moja tukiwa peke yetu.

"Ungekuwa umekufa."

"Lakini sikukufa," alisema, akaenda zake.

Nilitaka kuhama. Kilichonizuia ni mchanga. Kila asubuhi nilipofika, masanduku ya mchanga ya shanta yalikuwa yamejaa, mkavu, umechujwa, bila hata punje ya udongo. Kwa miaka yote aliyobakiza bomba langu halikuziba hata siku moja, kiangazi wala masika. Aliniletea ndoo akaniinulia, bila kunitazama usoni, na mtu asiyekutazama mdomo huwezi kumwambia kitu. Sikujua kama ni msamaha au ni kazi tu. Mara nyingine, injini ikinguruma mahali ilipo, aliweka kiganja kwenye boneti kidogo kabla ya kuondoka. Siku moja aliniinulia vidole vitatu. Nikafungua silinda ya tatu, nikakuta injekta inavuja. Angeninyamazia tu, injini ingenifia katikati ya kazi na yadi ingefurahi.

Siku yake ya kuagwa nilikuwa kazini nikisukuma mabehewa. Hakuna aliyenialika, nami sikujialika. Nilimwona akipita getini na mkewe, nikapiga honi kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Hakugeuka. Ilinichukua muda mrefu hata kukumbuka kwa nini hakugeuka.

Tangu hapo ni miaka mingi, na ninyi mnaijua iliyobaki. Cheruiyot alianza kuniita Sista tena, hakusema ni kwa nini na sikuuliza. Injini zimebadilika, breki zimebadilika, na siku hizi kila mtu anavaa vizuizi masikioni, jambo ambalo nililipigia kelele mpaka mkanichoka. Nilipokuwa nikiwafundisha niliwaambia muweke kiganja mezani wiki nzima mkanicheka. Niliwaambia mpunguze soli. Niliwaambia sindano kwanza, sikio baadaye. Sasa mjue yalikotoka. Zote zilikuwa njia za mtu asiyesikia, aliyezitafuta mwenyewe, peke yake, bila kumwambia yeyote kwamba anazihitaji. Mwenye masikio mazima asingezigundua. Mimi nimepata mkate wangu kwazo maisha yangu yote, nasema asante, na nataka asante hiyo iandikwe mahali.

Mwezi ule mlionipa saa nilipanda kwenda Kimulot. Nilikuwa nimeogopa safari hiyo muda wote wa kazi yangu. Mkewe alinipokea kwa salamu ya "Chamgei" ya nguvu, akanishika mikono yote miwili, akanionya niongee nikiwa mbele ya Mzee na nisiharakishe. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda kando ya kitalu cha miche ya chai, bado na kofia ya sufu. Amezeeka sana, lakini alinijua mara moja. Alinichukua mkono wa kulia akageuza kiganja juu, akakitazama, akakubali kwa kichwa.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu nilipoondoka nyumbani. Nilipiga magoti kwenye nyasi ili uso wangu uwe usawa wa macho yake, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa kumsema. Nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyenifanya mtu, na malipo yangu yakawa kumteremsha mbele ya yadi nzima. Macho hakuyafumba. Aliyasoma maneno yote mpaka mwisho.

"Mimi nilikuwa nangoja mtu aseme," alisema. Sauti yake imekuwa kubwa, sauti ya mtu asiyejisikia. "Kila asubuhi nikipanda hiyo injini nilikuwa naomba Mungu, hii siku iishe na hakuna mtu amekufa. Kusema mwenyewe nikashindwa. Hata wewe ukiniambia kwa mfereji, nilikuwa najua ni ukweli. Nilishindwa kuangalia tu."

Mkewe, aliyekuwa amenifuata, aliweka mkono wake mgongoni mwangu.

"Cheruiyot ako na watoto wangapi siku hizi?" Mzee akauliza.

Nikamwonyesha vidole vitano.

"Siku ya ile koti alikuwa na wawili."

Nikakubali kwa kichwa. Alihesabu polepole kwa mkono wake mwenyewe, akafika tatu, akaviacha vile vidole vitatu vimesimama kati yetu.

"Basi hao watatu ni wetu, mimi na wewe," alisema. "Yeye kazi yake ni kuzaa tu."